Dengie kwa miguu: Crouch, Blackwater au bahari wazi?

Mashariki mwa Uingereza, katika kaunti ya Essex, kuna rasi iitwayo Dengie. Kusini yake unapita mto Crouch, kaskazini mto Blackwater, na mashariki ni Bahari ya Kaskazini moja kwa moja. Mito yote miwili ikikaribia bahari hutanuka ikawa hori la maji ya chumvi, yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Kandokando ya mahori hayo kuna njia za miguu ambazo unaweza kuzifuata kutwa nzima bila kupanda kilima cha maana. Ukiwa London, unaenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kazi ni kuchagua. Anayekwenda mara ya kwanza hufungua ramani, akahesabu kilomita, akachukua njia fupi au ndefu kwa kadiri ya nguvu za miguu yake. Kwa Dengie hesabu hiyo hudanganya. Mlima wa kukuchosha haupo. Kinachokumaliza ni upepo usio na kizuizi, na kinachokutia mashakani ni kuwa mbali na barabara pale goti linapogoma au mvua inapokushukia. Kilomita 14 za njia moja zina stesheni ya treni mwanzoni, nyingine katikati na nyingine mwishoni. Kilomita 14 za njia nyingine hazina hata mti wa kujibanza. Ndiyo maana kabla ya kuuliza urefu najiuliza mambo mawili: nikichoka hapa natokea wapi, na maji yatakuwa wapi saa nitakapofika?

Hizi ndizo njia nne ninazozilinganisha, kwa makadirio ya kilomita:

| Njia | Urefu | Kufika | Ukitaka kuikatisha |
|---|---|---|---|
| Maldon hadi barabara ya Northey na kurudi | km 5 | Basi au gari | Geuka popote |
| Crouch: North Fambridge hadi Burnham | km 14 | Treni mwanzo na mwisho | Stesheni ya Althorne |
| Mzunguko wa Bradwell | km 10 | Gari. Mabasi ni machache | Kijiji kipo ndani kidogo |
| Bahari wazi: Burnham hadi Bradwell | km 23 | Treni mwanzo, mwisho hakuna | Karibu hakuna |

Mwenye Jumamosi moja tu, asiye na gari, na ambaye hajawahi kufika, namwambia bila kusita: Crouch. Mwenye gari na nusu siku, Bradwell. Bahari wazi iache kwanza, hata kama wewe ni mtembeaji mzoefu wa milimani, na sababu zake nitazieleza.

Unatembea juu ya nini

Karibu kote utakuwa juu ya tuta. Ni tuta refu la udongo wa mfinyanzi lililoota nyasi, limejengwa kuzuia bahari, na njia hupita juu ya mgongo wake au chini yake upande wa nchi kavu. Ukitazama upande wa maji unaona kinamasi cha chumvi kilichokatwakatwa na vijito, kisha tope pana linalong'aa. Upande wa pili kuna mtaro wa maji baridi wenye matete, kisha mashamba yaliyonyooka hadi macho yachoke. Simama juu ya tuta saa ya maji kujaa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi ukiwa mpya au mpevu, utazame kushoto na kulia. Utaona wazi kwamba maji yako juu kuliko mashamba.

Watu wa huku hawalichukulii tuta kirahisi. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 kuamkia 1 Februari, dhoruba ilisukuma Bahari ya Kaskazini juu ya kuta za pwani yote ya mashariki, na watu 307 walikufa nchini Uingereza, zaidi ya 100 kati yao hapa Essex. Baada ya hapo matuta mengi yaliinuliwa na kuimarishwa. Kwa hiyo ukikuta kibao kinachokataza kuchimba, au kinachotaka ushuke kwenye ngazi badala ya kuteleza kwenye mteremko, kiheshimu.

Tuta lina hila zake pia. Majira ya baridi mfinyanzi hushika viatu hadi kila mguu uwe na uzito wa tofali. Kiangazi hukauka na kupasuka, na nyufa hizo hufichwa na nyasi ndefu. Mwezi Agosti mmoja mwenzangu aliingiza mguu katika ufa kama huo na kuteguka kifundo. Tulitembea mwendo wa konokono zaidi ya saa mbili kabla ya kuifikia barabara. Tangu siku hiyo sivai tena raba za kawaida huku. Navaa buti zinazofunika kifundo, hata jua likiwaka.

Kwanza soma maji

Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa hukaribia mita 5. Ukifika maji yakiwa yamejaa unakuta ziwa lililojaa mashua zinazoelea. Ukifika saa sita baadaye unakuta mashua hizohizo zimelala ubavu kwenye tope, na mto umebaki mfereji katikati. Ni kama umekwenda mahali pawili tofauti.

Kwenye pwani hii bamvua hujaa mchana, kati ya saa sita na saa nane hivi, na tena usiku wa manane. Asubuhi na mapema, na jioni, ndipo maji yanapokuwa yametoka. Siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, mambo hugeuka, yakawa yanapwa mchana. Aliyezoea bamvua ya Mombasa au Unguja, ambako maji hutoka kabisa saa nne au saa tano asubuhi, asije na saa zake huku.

Faida ya kulijua hili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukitaka ndege, usiende maji yakiwa yamepwa kabisa, kwa sababu watakuwa wametawanyika mbali kwenye tope kama vijidoti. Nenda saa mbili kabla ya maji kujaa, usimame upande wa ndani wa tuta, kichwa tu kikichungulia. Maji yanapopanda huwasukuma taratibu kuelekea kwako: vitwitwi wanaokimbia na kusimama. Kipande cha mwisho cha tope kinapofunikwa, wote huruka kwa pamoja na kugeuka angani, mara weusi, mara weupe. Sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda chini, utamsikia kabla hujamwona. Kuanzia Oktoba hadi Machi kuna bata bukini weusi wanaokuja kutoka Siberia. Kundi lao likiwa linakula huguna kwa sauti ya chini isiyokoma, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili.

Ukitaka tope lenyewe, na mimi ni mmoja wa wanaolitaka, nenda maji yakianza kutoka. Yakishaliacha tope, nyamaza usikilize. Linachacharika, tik-tik-tik, mamia ya vishimo vidogo vikifunguka mbele ya miguu yako. Lakini lisikilize ukiwa juu ya tuta. Tope la hapa halina mwisho unaoujua, na mtu aliyezama hadi mapajani maji yakiwa yanarudi hana muda mwingi. Kinamasi nacho kina vijito vinavyojaa nyuma yako wakati wewe bado unatazama mbele. Sehemu kubwa ya tope na kinamasi pia haimo katika maeneo unayoruhusiwa kuzurura. Ruhusa yako ni njia.

Maldon: fupi, rahisi, na yenye kisa kizito

Maldon uko kwenye kichwa cha hori la Blackwater. Treni ya abiria ilikoma mwaka 1964, kwa hiyo ni gari, au basi kutoka Chelmsford. Ni njia pekee kati ya hizi nne ambayo ningempeleka mtu anayesukuma kigari cha mtoto au anayetumia kiti cha magurudumu, kwa kuwa kipande cha kwanza kando ya maji, ndani ya bustani ya Promenade, kimesakafiwa na ni kipana.

Anzia gati la Hythe. Hapo hufungwa majahazi ya mizigo ya mto Thames, yenye matanga ya rangi ya kutu na matumbo bapa. Yaliundwa bapa ili yaweze kukaa juu ya tope bila kupinduka maji yanapotoka. Enzi zake yalipakia majani makavu kutoka mashamba haya kwenda kuwalisha farasi wa London, na yakarudi na samadi ya farasi haohao.

Ukiimaliza bustani, njia inakuwa ya udongo na kukufikisha mahali unapoona barabara nyembamba ikiingia majini kuelekea kisiwa cha Northey. Barabara hiyo hufunikwa kila maji yanapojaa. Mwezi Agosti mwaka 991 jeshi la Waviking lilikuwa kisiwani, na Byrhtnoth, mkuu wa Essex, alikuwa upande wa bara na watu wake. Maji yalipokupwa aliwaacha wavuke ili wapigane uwanjani. Alishindwa, akauawa. Sanamu yake imesimama mwisho wa bustani ikitazama upande huo. Nimesoma habari za vita vingi bila kuvielewa. Hiki nilikielewa siku niliposimama pale nikaona jinsi barabara yenyewe ilivyo nyembamba, kwamba watu wachache wangeweza kuizuia siku nzima.

Kisiwa kinamilikiwa na National Trust, shirika la hifadhi, na kuvuka kuna masharti na saa zake, kwa hiyo yasome kabla ya kutoka nyumbani. Kuna watu huona maji yako mbali wakadhani muda upo. Maji hapa hayaji kwa mawimbi yanayokuonya. Hujaa kutoka pande zote mbili za barabara, kimyakimya.

Udhaifu wa Maldon ni kwamba ni mji. Jumapili ya jua utatembea na umati, na ndege wameuzoea umati huo kwa kukaa mbali. Aliyekuja kutafuta upweke, hapa hatauona.

Crouch: njia ya treni mbili

Reli ndogo inayotoka Wickford kwenda Southminster ilifunguliwa mwaka 1889 na inaufuata mto Crouch karibu njia nzima. Kutoka kituo cha Liverpool Street jijini London unabadilisha treni Wickford, unashuka North Fambridge, unatembea hadi Burnham-on-Crouch, unapanda treni ileile kurudi. Hakuna kurudi ulikotoka, hakuna kutafuta pa kuegesha gari. Kwa mtu asiye na gari hilo peke yake linatosha kuiweka Crouch mbele ya nyingine zote.

Nenda kutoka Fambridge kwenda Burnham, usifanye kinyume chake. Upepo wa kawaida wa huku hutoka kusini-magharibi na magharibi, hivyo ukielekea mashariki unakusukuma mgongoni. Nilishawahi kuitembea kinyume, siku ya Machi yenye upepo, na ilinichukua karibu saa moja na nusu zaidi. Uso ulibaki unawaka hadi usiku.

Kutoka stesheni unashuka hadi mtoni, unapita gati la mashua, kisha tuta linaanza. Kushoto kwako ni Blue House Farm, hifadhi ya shirika la wanyamapori la Essex. Ni malisho ya zamani yenye madimbwi ambako bata bukini hushukia majira ya baridi. Mbele zaidi, katikati ya mto, kuna Bridgemarsh. Zamani kilikuwa kisiwa cha shamba chenye tuta lake. Bahari ililivunja, na leo ni kinamasi kitupu chenye mabaki ya kuta. Kaa kidogo ukitazame, maana kinakuonyesha hali ambayo rasi nzima ingekuwa nayo bila hili tuta unalolikanyaga.

Althorne ni mahali pa kuamua. Stesheni iko karibu na mto, na kama miguu imelegea au mawingu yanakuja, panda treni hapo bila haya, kwa kuwa ulichokwishaona ni kizuri tayari. Ukiendelea, ardhi inainuka kidogo karibu na Creeksea, mwinuko pekee wa siku nzima, na kutoka juu unaona mto ukinyooka kuelekea bahari. Kisha unaingia Burnham, mji wa mashua za tanga. Utaukuta mnara wa saa wa 1877 na, mbele ya maji, jengo jeupe la klabu ya mashua ya Royal Corinthian lililojengwa 1931, madirisha yake yakiwa mapana kama ya meli. Mwisho wa Agosti hufanyika mashindano ya wiki nzima ya mashua, na mto hujaa matanga.

Ng'ambo ya mto, ukiwa Burnham, ni kisiwa cha Wallasea. Huko walifanya kinyume cha yote niliyoeleza kuhusu matuta. Udongo zaidi ya tani milioni 3 uliochimbwa wakati wa kujenga reli ya chini ya London uliletwa kwa meli kuinua ardhi, kisha mwaka 2015 tuta likakatwa kwa makusudi ili bahari iingie na kinamasi kirudi. Jirani yake unaingia mto Roach, na katika tope la Roach ndiko ilikoishia HMS Beagle, meli iliyombeba Charles Darwin kuizunguka dunia. Iliwekwa huko kama chombo cha walinzi wa kuzuia magendo, ikauzwa mwaka 1870. Huwezi kuyaona mabaki yake kutoka Burnham, lakini mimi kila nikifika pale huikumbuka.

Kasoro ya Crouch nitaisema wazi: mto wenyewe ni mwembamba na umenyooka, na kwa mwendo mrefu kabla ya Althorne mandhari haibadiliki. Mwenye kiu ya upeo mpana, ule wa bahari na mbingu kugusana, ataondoka hajashiba.

Bradwell: kanisa ukutani

Upeo huo uko Bradwell, kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya rasi, ambako Blackwater inaingia baharini. Unaacha gari mwisho wa barabara, unatembea kwenye njia iliyonyooka kati ya mashamba, na mbele yako kuna jengo moja tu, refu kwenda juu, lisilo na mnara wala mti pembeni. Ukiwa mbali utalidhania ghala.

Na lilikuwa ghala, kwa mamia ya miaka. Kabla ya hapo lilikuwa kanisa. Cedd, mtawa kutoka kisiwa cha Lindisfarne, alikuja kwa bahari mwaka 653, na kanisa lake la Mtakatifu Petro lilijengwa mnamo 654 mahali palipokuwa na lango la ngome ya Kirumi iitwayo Othona. Ndiyo sababu ya jina lake, Mtakatifu Petro Ukutani. Mawe yalikuwepo tayari, waliyaokota ngomeni. Sogea hadi pua ikaribie ukuta na utayaona matofali mekundu membamba ya Kirumi yamechomekwa kati ya mawe ya kijivu, bila mpangilio, kila moja mahali lilipotosha. Kisha rudi hatua kumi, utazame ubavu. Kuna kiraka kikubwa ambacho mawe yake si kama mengine. Hapo ndipo wakulima walipotoboa mlango wa mikokoteni. Mwaka 1920 likarudishwa kuwa nyumba ya ibada, na hadi leo mahujaji huja kila mwaka mwezi Julai.

Kutoka kanisani fuata tuta kuelekea magharibi. Mbele ya kinamasi kuna ulimi wa maganda ya kombe, meupe, yanayolia chini ya kiatu. Kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi usikanyage huko, kwa sababu membe wadogo na vitwitwi hutaga moja kwa moja juu ya maganda, na mayai yanafanana nayo kiasi kwamba utayavunja bila kujua. Baadaye unapita chini ya majengo mawili makubwa ya kituo cha nyuklia kilichozalisha umeme kuanzia 1962 hadi 2002. Wengi huyachukia, wakisema yameharibu mandhari. Mimi nimeyazoea kama dira. Kwenye nchi isiyo na mlima, kitu kirefu kimoja hukuambia uko wapi, na hayo unayaona kutoka karibu kila kona ya rasi.

Unafika Bradwell Waterside, unapumzika, unarudi kwa njia ya ndani kupitia kijijini. Ni mzunguko wa saa tatu kwa mwendo wa kawaida. Ukilinganisha na Crouch, kila hatua hapa ina kitu cha kutazama. Ukilinganisha na Maldon, kuna utulivu. Lakini bila gari ni taabu. Mabasi ni machache, na Jumapili usiyategemee kabisa.

Julai na Agosti kinamasi hugeuka zambarau kwa maua madogo ya chumvi. Kama unakwenda mara moja tu maishani, nenda wakati huo, jioni, maji yakiwa yanatoka.

Bahari wazi: usikadirie kwa kilomita

Iliyobaki ni ile inayoziunganisha Crouch na Blackwater kwa upande wa mashariki. Kutoka Burnham unafuata tuta kilomita 7 hivi hadi Holliwell Point, mahali mto unapokwisha. Hapo unageuka kaskazini, na kwa karibu kilomita 15 mpaka kanisani unatembea mstari mmoja. Kulia kuna kinamasi, tope, bahari. Kushoto kuna mtaro na mashamba. Barabara ya gari haifiki tutani. Kijiji cha Tillingham kiko kilomita 4 hivi ndani, na utaziona njia mbili tatu za kuelekea huko, ila si pale utakapozihitaji.

Hiyo ndiyo sababu nilisema uiache kwanza. Mlimani ukichoka unashuka, na kushuka ni nafuu. Huku nafuu haipo: ukiwa katikati, mbele ni mbali sawa na nyuma. Na kwa kuwa unaona mbali, kanisa hujitokeza kama kidoti saa mbili kabla hujalifikia, na kwa muda mrefu halikui. Nimewaona watu wenye nguvu wakivunjika moyo kwa kidoti hicho kuliko kwa malengelenge.

Fanya hesabu ya mwanga kabla ya yote. Kilomita 23 kwenye nyasi ni saa saba pamoja na mapumziko, na Desemba jua la hapa huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo Aprili, Mei na Septemba ndizo ninazozipenda. Angalia upepo pia. Ukiwa wa kusini-magharibi, nenda kutoka Burnham na utakusukuma. Ukiwa wa mashariki, ahirisha. Upepo huo huvuka Bahari ya Kaskazini nzima bila kugusa kitu, na kitu cha kwanza kuugusa ni wewe. Unaweza kushuka upande wa demani wa tuta, ule usiopigwa na upepo, na kutembea chini kando ya mtaro, na kweli kuna nafuu, lakini hapo huioni bahari uliyoifuata. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kwa sababu baada ya Burnham hakuna bomba wala duka mpaka Bradwell.

Kwa nini basi mtu aende? Kwa sababu hakuna kitu kama hicho upande huu wa London. Nilipokwenda mwisho, kuanzia Holliwell hadi karibu na kanisa nilikutana na mtu mmoja. Kutoka kusini, upande wa Foulness ambako jeshi hujaribia silaha, ulisikika mlipuko wa mbali, kisha kimya kikarudi kizito zaidi. Nilipita ngome ndogo za zege za vita vya pili vya dunia, zimeinama pole pole kuelekea kinamasini. Nje kidogo, majini, kuna safu ya matishari ya zamani ya Thames yaliyozamishwa miaka ya 1980 ili yavunje nguvu ya mawimbi yasile kinamasi. Kinamasi nacho ndicho kinachovunja mawimbi yasile tuta. Mnandi walikuwa wamejipanga juu ya kingo za matishari hayo, mbawa wazi, wakikausha.

Ukiichagua, panga mwisho kabla ya mwanzo. Mwombe mtu akusubiri na gari mwisho wa barabara ya kanisani, na mkubaliane saa, kwa maana simu hushika inapotaka. Au pangeni wawili wenye magari mawili, moja likalale Bradwell usiku wa kuamkia safari. Na ukimwambia mtu akusubiri saa kumi na moja, mwambie alete kitu cha moto kwenye chupa, kwa sababu kilomita ya mwisho, ile ya kutoka kanisani hadi kwenye gari, ndiyo utakayoitembea umelowa jasho huku upepo ukipoa.